Pindo, Mji na Nembo: Maneno ya Ukurasa Tuliyorithi Pwani

Ndugu msomaji, shika gazeti au kitabu chochote kilicho karibu nawe. Kabla hujasoma hata neno moja, kuna mtu alishakuamulia mambo: herufi ziwe na ukubwa gani, kichwa kikae wapi, nafasi nyeupe iachwe kiasi gani, jalada liwe la rangi ipi. Katika vyumba vya magazeti mtu huyo huitwa msanifu kurasa. Sisi vijana tunaoandika mashairi na hadithi tumezoea kumwachia yeye kila kitu. Tukitia nukta ya mwisho tunadhani kazi imekwisha, kumbe imefika nusu.

Sababu mojawapo, kwa maoni yangu, ni maneno. Kijana anayetaka kujifunza usanifu hupokewa na msururu wa maneno ya Kiingereza, naye huona kwamba hii ni elimu ya wenyewe. Mimi nabisha. Maneno mengi ya msingi ya kazi hii yameishi pwani kwa muda mrefu, ila hayakuishi darasani. Yaliishi kwenye milango, kwenye nguo, kwenye ngozi za watu na kwenye mashairi. Hebu tuyafuate, tuanzie Bagamoyo.

Neno la kwanza ni kuchora. Siku hizi ukisema kuchora tunafikiria penseli na karatasi, lakini kamusi za wamisionari wa karne ya 19 zinalipa neno hilo maana ya kukata na kutia nakshi kwa kitu chenye ncha. Mchoraji wa kwanza alikuwa seremala. Pita Mtaa wa India pale Bagamoyo, kwenye nyumba za mawe za wafanyabiashara wa zamani, utaona kazi yake. Mlango una miimo miwili ya pembeni, una kizingiti juu, na katikati una mfaa, ule ubao wa wima unaofunika mahali mbao mbili za mlango zinapokutana. Fundi hakutawanya nakshi ovyo. Kwenye miimo aliweka nakshi inayojirudia, mnyororo au wimbi au ua, ikipanda kutoka chini kwenda juu. Kizingiti alikitunzia jambo kubwa zaidi, na katika milango mingi ya pwani utakuta hapo maandishi ya Kiarabu au mwaka. Jicho linapandishwa na miimo mpaka lifike kwenye kichwa.

Hapo tayari tumepata maneno matatu. Nakshi ni pambo linalojirudia kwa mpango. Ulinganifu ni ule upande wa kulia kujibu upande wa kushoto, mfaa ukiwa katikati. Mtindo nao unauona ukilinganisha mlango na mlango, maana ile ya wafanyabiashara wenye asili ya Gujarati mara nyingi imegawanywa vyumba vya mraba, na haifanani na ile yenye maandishi ya Kiarabu. Mtaa mmoja, mitindo miwili, na hakuna aliyehitaji kitabu kutofautisha.

Neno la pili ni nembo. Leo kila shule, chama na kampuni ina nembo yake. Zamani nembo zilikuwa chale: alama zilizochanjwa usoni au mwilini ili mtu ajulikane ni wa kabila gani. Wamakonde, ambao wengi wao walipanda kuja pwani hii kutafuta kazi mashambani, walijulikana sana kwa chanjo zao. Ukikumbuka asili hiyo hutahitaji mwalimu wa kukwambia nembo nzuri ikoje. Kitu kinachokatwa kwenye ngozi lazima kiwe na mistari michache, kitambulike kwa mbali, na kiwe kitu utakachokubali kukaa nacho maisha. Mbona basi vikundi vyetu vya sanaa vinarundika kwenye nembo moja kitabu, ngoma, mwenge, kalamu na ramani ya Afrika? Uso gani ungebeba chale zote hizo?

Neno la tatu, chapa, si la kwetu kwa kuzaliwa. Limetoka Bara Hindi, na nadhani lilikuja na bidhaa. Bagamoyo ya karne ya 19 ilikuwa mlango wa misafara ya kwenda Unyamwezi na Ujiji, na nguo ndizo zilizokuwa fedha za safari. Henry Morton Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, ameeleza jinsi ilivyombidi ajifunze nguo ipi na shanga zipi zinakubaliwa katika nchi ipi. Kulikuwa na merikani, kitambaa kilichopewa jina la nchi kilikotoka, na kulikuwa na kaniki. Ukibeba aina isiyotakiwa, hununui chakula njiani. Basi chapa ikawa alama ya kutambulisha mali, na hata leo tunauliza, "Chapa gani hii?" tukimaanisha aina na mtengenezaji.

Halafu zikaja mashine, na neno lilelile likapata kazi ya pili: kupiga chapa. Wamisionari wa Kiingereza wa UMCA walifundisha vijana uchapaji Unguja, na kutoka Kiungani mwaka 1888 likaanza kutolewa jarida la Kiswahili liitwalo Msimulizi. Katika miaka ya 1890 wenzao wa Magila, bara ya Tanga, wakatoa Habari za Mwezi. Tanga yenyewe, mwanzoni mwa karne ya 20, shule ya serikali ya Kijerumani ikawa inachapa Kiongozi. Vijana wa shule ndio waliosimama mbele ya visanduku vya herufi za risasi wakiziokota moja moja, wakizipanga kinyume ili zikigandamizwa kwenye karatasi zisomeke sawa. Ndipo yalipozoeleka maneno ya mezani: kupanga herufi, mstari, safu, pambizo. Pambizo ni ile nafasi tupu ya pembeni ya ukurasa, na aliyewahi kupanga herufi kwa mkono anajua kwamba utupu nao hupangwa. Palipo peupe palijazwa vipande vya risasi vifupi visivyogusa wino.

Lakini mashine hazikuja na maneno tu, zilikuja pia na madaraka. Hapa namleta Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, mwanachuoni aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Watu wa kizazi chake hapa Mrima waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mtu alikuwa na mwandiko wake, na neno hati, ambalo kwetu leo ni karatasi ya kiwanja au ya mahakama, lilimaanisha pia huo mwandiko wa mkono. Mwaka 1903 kikachapwa Göttingen, Ujerumani, kitabu cha mila na desturi za watu wetu, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro. Kilitoka kwa herufi za Kilatini. Jina lililowekwa kwenye ukurasa wa mbele ni la C. Velten, Mjerumani aliyekikusanya na kukihariri. Nalo jina la kitabu likaandikwa Desturi za Wasuaheli.

Litazame neno hilo, Wasuaheli. Mimi kila nikiliona nasikia sikio la Kijerumani. Aliyeshika herufi ndiye aliyeamua sisi tuitwe kwa tahajia gani. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Tafsiri ya Kiingereza iliyotokana na kazi ya J.W.T. Allen ilipotoka mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari likapandishwa mbele pamoja na kichwa cha kitabu, na Wasuaheli wakaandikwa Waswahili. Miaka 78 baadaye! Ukiacha lugha, kazi ya ndani ilitokana na kitabu kilekile. Kilichobadilika ni jalada na ukurasa wa kichwa, yaani zile sehemu tunazoambiwa ni urembo tu. (Jalada lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, ni ngozi.) Kijana mwandishi, usiniambie kwamba mpangilio wa jalada haukuhusu.

Wakati wanaume wakigombania herufi za vitabu, kuna ukurasa mwingine uliokuwa ukitembea barabarani, nao ni kanga. Kanga ina sehemu tatu na kila mama anazijua kwa majina. Pindo ndilo linalozunguka pande zote nne. Mji ndio uwanja wa kati. Jina ndilo yale maandishi yanayokaa mjini, juu ya pindo la chini. Maandishi hayo zamani yalikuwa ya herufi za Kiarabu, kisha katika karne ya 20 yakahamia herufi za Kilatini. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lilitia chini ya kanga zake alama ya "K.H.E. Mali ya Abdulla", ambayo ni chapa kwa maana zote mbili. Dar es Salaam tukapata kiwanda cha Urafiki mwaka 1968, kwa msaada wa China, kanga na vitenge vikapigwa chapa hapahapa.

Angalia jinsi kanga inavyofundisha. Jina ni fupi kwa sababu linasomwa mgongoni mwa mtu anayekwenda zake. Herufi ni kubwa na nzito. Mji hauzongwi. Kisutu, kanga ya harusi, inatumia nyekundu, nyeusi na nyeupe tu na kwa kawaida haina jina, lakini nani hamjui bibi harusi? Hizo rangi tatu ndizo pekee ambazo Kiswahili kimezipa vivumishi vinavyogeuka kwa kufuata ngeli. Nyingine tumeziita kwa vitu: kijani ni jani, kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, manjano ndiyo ileile ya jikoni. Ukimwambia mchapaji unataka manjano ya jikoni, si ya embe, amekuelewa bila kufungua kitabu cha rangi.

Na hili nimelishuhudia. Kikundi chetu kilipeleka jalada la kijitabu kwa mpiga chapa mmoja wa mjini, simtaji. Likarudi na ukanda mweupe usio sawa pande zote, kisu kimekata vibaya, na yeye akatumwagia Kiingereza cha kazi hata tukakosa la kujibu. Mwenzetu mmoja, binti wa fundi cherehani, akamwambia: "Kaka, rangi ipite pindo. Kisu kikate ndani ya rangi, si nje yake." Jamaa alinyamaza. Akarudia majalada yote, na hatukulipa hata senti moja zaidi.

Kwa washairi nina neno la mwisho. Mshororo wa shairi la mizani kumi na sita una vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kimoja kina kina chake. Mpe msanifu shairi hilo bila maelekezo, aliingize kwenye safu nyembamba ya gazeti: utao utavunjika mahali pasipo pake, kina cha kati kitazama, na msomaji atadhani hujui kutunga. Mwambie mapema: vipande visivunjwe, kama safu haitoshi punguza ukubwa wa herufi au panua safu. Vilevile jua kwamba herufi zilizolala ni za mlazo, na zilizonenepa zimekozwa, kama rangi iliyokoza. Usizikoze zote. Ukikoza kila neno hujakoza hata moja.

Wapo watakaosema kwamba kompyuta imeleta mambo mapya, fonti, pikseli na mengineyo, nasi tutayaitaje? Tutayaita hivyohivyo. Chapa ilitoka India, kalamu na herufi zikatoka Uarabuni, rangi ikatoka Uajemi, na leo nani anaziita ngeni? Zilipata uraia kwa sababu mafundi wetu walizifanyia kazi. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Anayejifunza sanaa pale ana mtaa mzima wa milango wa kufanyia mazoezi.

Basi wenzangu, mswada ukiwa tayari msiutupe mezani kwa msanifu na kuondoka. Kaeni naye. Mwulizeni pambizo ni kiasi gani, kichwa kiko wapi, jina la mwandishi litakaa wapi na kwa herufi zipi. Mtoro aliwekwa mbele miaka 54 baada ya kufa. Sisi tupo hai, na mchapaji yuko mtaa wa pili.