Kioo Kipi Kisichokuwepo?

Mwambie fundi wa simu pale Mamboleo, Kisumu, kwamba una kamera isiyo na kioo, naye atakuuliza kilivunjika lini. Hana kosa. Kwake kioo ni uso wa simu, ule unaopasuka simu ikidondoka kutoka kwenye bodaboda, na riziki yake ni kuubadilisha. Kwa kinyozi aliye mlango wa pili, kioo ni cha kujitazamia. Dereva wa matatu ya Kakamega ana kioo cha mbele, ana vya madirisha, ana na vya pembeni vya kutazamia nyuma. Neno moja limebeba yote hayo miaka na miaka bila kumkanganya mtu, mpaka alipotokea wa kutafsiri jina la kamera.

Kamera zenyewe wapiga picha wa Kisumu wanaziita mirolesi, kwa kufuata Kiingereza, ambacho kimezipa jina kwa kile kilichoondolewa ndani yake. Tafsiri ya neno kwa neno ni "kamera isiyo na kioo". Haina kosa la sarufi, ila inampoteza msomaji, kwa kuwa kamera hizi zimejaa vioo: lenzi ni vipande vya kioo vilivyopangwa kimoja mbele ya kingine, na nyuma kuna skrini ambayo yule fundi wetu ataiita kioo bila kufikiri mara mbili.

Kilichoondolewa ni kioo kimoja tu. Katika kamera za DSLR, zile nene zilizotawala harusi na mahafali kwa muda mrefu, nyuma ya lenzi kuna kioo kidogo cha kuakisi kilichoinamishwa kwa nyuzi 45. Mwanga ukiingia unakigonga, unapanda juu, unapinda ndani ya mche wa kioo na kutokea kwenye kitazamio, pale mpiga picha anapoweka jicho. Akibonyeza, kioo kinaruka juu kupisha njia, shata inafunguka, mwanga unafika kwenye kihisi, halafu kioo kinarudi chini. Sehemu kubwa ya ule mlio unaosikika kanisani bwana harusi akivishwa pete ni kioo hicho kikipanda na kushuka. Na katika nukta hiyo kikiwa juu, mpiga picha haoni chochote.

Mirolesi imefuta safari hiyo. Mwanga unakwenda moja kwa moja kwenye kihisi, na kihisi kinatuma picha kwenye skrini ya nyuma au kwenye kiskrini kidogo kilicho ndani ya kitazamio. Panasonic Lumix G1 ya mwaka 2008 ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya namna hii yenye lenzi za kubadilisha. Kioo kilipotoka, umbo nalo likapungua: kwenye Nikon za DSLR, kutoka pale lenzi inapofungwa hadi kwenye kihisi ni milimita 46.5; kwenye Fujifilm za mirolesi ni 17.7. Nafasi iliyookolewa ndiyo inayokuwezesha kuweka adapta na kufunga lenzi ya zamani ya kamera ya filamu, hata kama kampuni iliyoitengeneza ni nyingine kabisa.

Kuhusu majina ya mashine, Kiswahili kina desturi iliyo nzuri kuliko hii ya kutaja upungufu. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, enzi mji ukiitwa Port Florence, treni haikuitwa gari lisilo na ng'ombe. Iliitwa gari la moshi, kwa kile kilichoonekana kutoka mbali, na jina limedumu hata baada ya moshi huo kuisha. Mawasiliano ya redio yalipokuja, Kiingereza kilitaja waya usiokuwepo. Kiswahili kilisema simu ya upepo. Siku hizi tumegeuza mwendo. Watafsiri wa programu za kompyuta wametupatia pasiwaya, na kwa kanuni hiyohiyo mtu anaweza kuunda pasikioo. Ni neno fupi, linatamkika, na lina tatizo lilelile la fundi wa simu.

Jina la upungufu lina kasoro nyingine: halibagui. Simu iliyo mfukoni mwako haina kioo cha kuakisi nyuma ya lenzi. Leica za M, zilizoanza mwaka 1954 na kupendwa na waandishi wa habari, nazo hazina. Hakuna aziitaye mirolesi. Na jina la namna hiyo huzeeka vibaya. Canon na Nikon walitoa DSLR zao za daraja la juu kabisa kwa mara ya mwisho mwaka 2020; tangu hapo nguvu zao zimehamia upande wa pili. Mtoto atakayejifunza picha miaka kumi ijayo ataambiwa kamera yake imekosa kitu ambacho hajawahi kukiona.

Basi tuiite kwa kilichomo. Kilichomo ni picha hai: unachokiona kwenye kitazamio ndicho kihisi kinachokiona, sekunde ileile, pamoja na giza au weupe wake. Neno linalokuja haraka ni mubashara. Nimelipima nikaliacha. Kwa Mkenya wa leo mubashara ni matangazo ya runinga, na mteja ukimwambia utakuja na kamera mubashara atawatumia jamaa zake wa Marekani kiungo cha kutazamia harusi. Nimerudi kwenye mirolesi. Imeingia kwenye ngeli bila ugomvi, mirolesi hii, mirolesi zetu, kama kamera, lenzi na picha zilivyoingia kabla yake, na hakuna anayelalamika kwamba picha si neno la mababu.

Jasho la istilahi lina faida zaidi kwenye maneno yanayoongoza vidole. Hapo ndipo kamera ya zamani kidogo inaposaidia kuliko mpya. Ninayotumia ni Fujifilm X-T1, iliyotoka mwaka 2014, megapikseli 16, niliyoinunua ikiwa mtumba. (Kuimiliki katika mtaa uitwao Mamboleo ni utani ambao marafiki hawajauchoka.) Betri yake inapimwa kuwa na uwezo wa picha 350 hivi, ilhali DSLR ya rika lake kama Nikon D7100 ilifika 950, na sababu moja ni kwamba kiskrini cha kitazamio kinakula umeme muda wote unapochungulia. Anayetaka kununua ya aina hii aweke bajeti ya betri za ziada kabla ya kufikiria lenzi ya pili.

Juu yake kuna nobu tatu za chuma, na pete kwenye lenzi. Watu wakiiona barabarani wanauliza, "Omera, hiyo bado inatumia filamu?" Nobu hizo zimeandikwa namba, kwa hiyo, kama redio ya zamani, unajua imesimama wapi hata kabla hujaiwasha. Huhitaji menyu. Kila swali la mwanga lina nobu yake, na kwa hiyo kila swali linadai jina lake.

Nobu ya shata imeandikwa 60, 125, 250, 500, hadi 4000. Namba hizo ni sehemu za sekunde: 250 maana yake sekunde moja imegawanywa mara 250, na shata inafunguka kwa kipande kimoja. Neno shata liachwe lilivyo. Pete ya lenzi ni ya upenyo, yaani ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga, na namba zake huwatesa wanafunzi kwa sababu kubwa ni ndogo. Lakini ni hesabu ileile ya kugawanya. Lenzi ya milimita 35 ukiiweka kwenye 2, tundu lina kipenyo cha milimita 17 na nusu. Ukiiweka kwenye 16, ni milimita 2 na ushei. Ya tatu ni ISO, wepesi wa kamera kuitikia mwanga, ambayo kwenye X-T1 haizunguki mpaka ubonyeze kitufe cha katikati.

Kinachounganisha zote ni kile ambacho wapiga picha wanakiita stopu. Tafsiri yake ya moja kwa moja ingekuwa kituo, na ingepotosha, kwa kuwa hapa hakuna kinachosimama. Neno lake ni hatua. Kutoka 125 kwenda 250 ni hatua moja, na mwanga umepungua kwa nusu. Kutoka ISO 200 kwenda 400 ni hatua moja, na picha imeng'aa maradufu. Ukishaelewa hatua, nobu zote zinasema lugha moja: unachopunguza hapa unakirudisha pale. Wazee wa filamu walikuwa na kanuni kwamba penye jua wazi, upenyo uwe 16 na shata ilingane na ISO. Huku kwetu, karibu na ikweta inayokatwa na barabara ya Busia pale Maseno, jua la saa sita linaitii kanuni hiyo vizuri. ISO 200, upenyo 16, shata 250. Ukitaka upenyo 8, umefungua hatua mbili. Peleka shata hatua mbili mbele, 1000, na picha ni ileile kwa mwanga.

Nobu ya mwisho, iliyo karibu na kidole gumba, ndiyo ninayoipenda, na ndiyo yenye jina baya kuliko zote. Imeandikwa kutoka kutoa 3 hadi kujumlisha 3. Ukilitafsiri jina lake la Kiingereza kwa kamusi utapata fidia ya mwanga. Kwa Mkenya, fidia ni pesa unayolipwa barabara ikipita shambani kwako.

Kazi ya nobu hii inaonekana vizuri kando ya ziwa pale Dunga, saa nne asubuhi, omena zikiwa zimeanikwa juu ya nyavu. Omena mbichi zinang'aa kama fedha, na nyuma yake ziwa linarudisha anga lote jeupe. Kamera hupima mwanga ikidhani kwamba mandhari yote, ukiyachanganya, yatakuwa kijivu cha wastani. Ikikuta weupe mwingi kiasi hicho inapunguza mwanga, na mama anayegeuza omena anakuwa kivuli chenye leso. Kwenye DSLR utakuja kuligundua hilo baada ya kubonyeza. Kwenye mirolesi unaliona kabla, kiskrini kikiwa kwenye jicho: unazungusha nobu kidogo na shavu linatokea, ukifika hatua moja unaona jicho, mikunjo ya paji, jasho la juu ya mdomo. Ukienda hatua moja na nusu omena zinayeyuka kuwa karatasi nyeupe, unarudi nyuma kidogo. Yote hayo bila kuondoa jicho. Mama naye kachoka kusubiri: "Nyathina," yaani mwanangu, "unapiga ama hupigi?"

Pale hakuna fidia, kuna kuongeza na kupunguza. Hivyo ndivyo ningependa vitabu na walimu waseme: ongeza mwanga hatua moja, punguza theluthi. Kitenzi kinatosha pale nomino inapokwaruza. Ngozi zetu zinaiaibisha kanuni ya kijivu karibu kila siku, mbele ya kuta nyeupe, shela za bibi harusi, majoho ya mahafali ya Maseno chini ya anga wazi, kwa hiyo agizo hilo litatumika kuliko istilahi nyingine zote za kamera.

Kidahizo chenyewe, kwa watunga kamusi, nakipendekeza hivi: mirolesi nm [i-/zi-] kamera ya lenzi za kubadilisha ambayo mpiga picha huona kwenye kitazamio taswira inayotoka kwenye kihisi chenyewe, badala ya inayoakisiwa na kioo. Mwenye maelezo mafupi kuliko hayo ayalete, mradi ayajaribu kwanza kwa fundi wa simu.