Ufunguo wa Mtu wa Kawaida: Programu Huria na Faragha ya Mawasiliano, 1991–2016

Mwezi Juni 1991, Phil Zimmermann, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliitoa bure programu ya PGP. Kabla ya hapo usimbaji fiche, yaani kuugeuza ujumbe usisomeke ila kwa mwenye ufunguo, ulikuwa kwa kiasi kikubwa nyenzo ya majeshi, serikali na mabenki. Zimmermann aliiharakisha kazi yake kwa sababu Seneti ilikuwa na mswada uliotaka mitambo ya mawasiliano iiwezeshe serikali kupata maneno ya raia pale sheria inaporuhusu.

PGP ilivuka mipaka kupitia intaneti. Kwa kuwa sheria ya Marekani iliuhesabu usimbaji wenye nguvu kuwa silaha, mwaka 1993 Zimmermann alianza kuchunguzwa kwa tuhuma za kusafirisha silaha bila kibali. Mwaka 1995 MIT Press ikauchapisha msimbo chanzo wa PGP kuwa kitabu. Hapo ndipo udhaifu wa sheria ulipodhihirika, kwani maandishi yaleyale yaliyoitwa silaha yakiwa katika diski yalikuwa sasa kitabu cha kawaida dukani. Uchunguzi ulifungwa Januari 1996 bila mashtaka. Nchini Ujerumani, Werner Koch alitoa toleo la 1.0 la GnuPG mwaka 1999, programu huria isiyofungwa na leseni ya kampuni yoyote.

Wanaoisimulia historia hii kama ushindi wa uhuru wa msimbo huishia hapo, na hukosea. Mwaka huohuo wa 1999, Alma Whitten na J. D. Tygar walichapisha utafiti uliowahusisha watu 12 wenye uzoefu wa barua pepe, waliopewa dakika 90 kutuma ujumbe wa siri kwa PGP 5.0. Theluthi moja tu ndiyo iliyofaulu kuusimba na kuutia saini ipasavyo; watatu waliituma siri yenyewe ikiwa wazi. Kasoro haikuwa katika hisabati, bali katika kumtaka mtumiaji aelewe funguo mbili, wa umma na wa siri, kabla hajaandika hata salamu. Miaka 13 baadaye hali ilikuwa ileile: Desemba 2012 Edward Snowden alimsihi mwandishi wa habari Glenn Greenwald atumie PGP, lakini Greenwald hakuiweka, na mawasiliano yakakwama hadi Snowden alipompata Laura Poitras, aliyeimudu.

Usimbaji uliwafikia watu wengi pale tu mtumiaji alipoacha kuulizwa. Aprili 2016 WhatsApp, yenye watumiaji zaidi ya bilioni moja, ilikamilisha kuweka usimbaji uliobuniwa na Open Whisper Systems, ambao msimbo wake uko wazi kwa ukaguzi. Hakuna aliyelazimika kutengeneza ufunguo. Hata hivyo programu yenyewe ya WhatsApp haikuwa huria, na usimbaji ulilinda maneno, si habari za nani amewasiliana na nani na saa ngapi. Faragha, kwa hiyo, ilipatikana kwa kuiamini kampuni, jambo ambalo PGP ilikusudia kumwepusha mtumiaji nalo. Agosti mwaka huohuo WhatsApp ilitangaza kwamba ingeipatia Facebook, mmiliki wake, baadhi ya taarifa za akaunti, zikiwemo namba za simu. Waliokuwa wakiitumia tayari walipewa siku 30 za kukataa zisitumike kwa matangazo.