Jino Limeng'oka, Maumivu Yamebaki

Niling'olewa gego la chini nilipokuwa nakaa Dallas, mtaa wa mjini Embu. Siku mbili maumivu yakapungua, nikasema alhamdulillah. Usiku wa tatu yakarudi, yakapanda hadi sikioni, na kinywa kikanuka. Nilidhani daktari ameacha kipande cha mzizi. Sivyo.

Nilipatwa na kile madaktari wa meno hukiita shimo kavu. Jino likitoka, damu huganda shimoni na kuufunika mfupa mpaka nyama mpya iote. Bonge hilo likitoka mapema, mfupa hubaki wazi, na hata maji huutonesha. Maumivu huanza baina ya siku ya kwanza na ya nne, hasa kwa magego ya chini. Wavutaji sigara, wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi na wale ambao jino lao lilitoka kwa shida wamo hatarini zaidi.

Kosa langu? Niliambiwa nisisukutue siku nzima. Lakini kila ikiadhiniwa nilitia udhu kama kawaida, nikisukutua kwa nguvu na kutema. Daktari hakutaja udhu, nami sikuuliza. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kusukutua katika udhu ni suna, si faradhi. Anayechelea madhara anaweza kuacha siku hiyo na udhu wake ukasihi. Baadaye atie maji kinywani taratibu, ayaache yatoke yenyewe.

Mambo ya kuzingatia:

- Ng'ata pamba uliyopewa kwa nusu saa, bila kuitoa kila mara kuchungulia.
- Saa 24 za mwanzo usisukutue, usiteme wala usinywe kwa mrija. Kula vyakula laini visivyo moto.
- Sigara ngoja siku kadhaa. Muguka pia, huo unaolimwa Mbeere, Embu, na kuletwa kwetu Pwani: kuutafuna na kuufyonza kutwa kunaweza kulitoa bonge.
- Baada ya saa 24, sukutua taratibu kila baada ya kula, kwa glasi ya maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi.
- Usimeze aspirini kutuliza maumivu, kwani huzidisha kutoka damu. Kama daktari amekuandikia kwa ajili ya moyo, usiiache bila kumuuliza.

Maumivu yakizidi badala ya kupungua, rudi kwa daktari. Mimi aliniosha shimo, akatia dawa yenye mafuta ya karafuu, na usiku ule nikalala. Usijimiminie mafuta hayo mwenyewe, maana yakiwa makali huunguza ufizi. Wala usikimbilie kununua vidonge vya kuua vijidudu: shimo kavu lenyewe haliponi kwa vidonge hivyo.

Kuna dalili nyingine za kurudi nazo: mdomo au kidevu kubaki na ganzi siku ya pili, au, kwa jino la juu, maji unayokunywa kutokea puani.

Lakini damu isiyokatika hata baada ya kung'ata pamba tena, homa yenye uvimbe chini ya taya, kushindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua, hayo hayangoji asubuhi. Nenda hospitali saa ileile. Usaha wa jino ukishuka shingoni huweza kuziba pumzi na kuua.

Ukienda kung'oa, basi, mwambie daktari unatia udhu mara tano kwa siku. Swali hilo moja lingeniepusha na usiku ule.