Barua ya Mjalidi kwa Mkemia

Mtu aombaye kazi aliyoizoea hana haja ya maelezo mengi, kwa kuwa kazi yake ya jana ni shahidi wa kazi yake ya kesho. Lakini atakaye kuiacha kazi moja na kuingia katika nyingine ambayo hajapata kuifanya, hubisha hodi penye nyumba asikojulikana. Barua yake ndiyo ulimi wake, na ulimi usio na shahidi hausadikiwi upesi. Habari za Michael Faraday, aliyekuwa mjalidi, yaani mtia vitabu majalada, mjini London, zaonyesha shahidi huyo apatikana wapi.

Faraday alizaliwa mwaka 1791, mwana wa mhunzi. Nyumba yao ilikuwa ya dhiki, na elimu aliyoipata shuleni haikupita kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Mwaka 1805 alitiwa katika mapatano ya miaka saba kuwa mwanagenzi wa George Riebau, mwuza vitabu na mjalidi wa mtaa wa Blandford. Kazi ya mjalidi ni jalada, si yaliyomo. Lakini kijana huyu aliyashughulikia yote mawili. Alisoma habari za umeme katika kamusi kubwa ya elimu iliyoletwa kutiwa jalada, akasoma kitabu cha Jane Marcet juu ya kemia, na kwa senti chache alizokuwa nazo akajaribu mwenyewe aliyoyasoma.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka, William Dance, alimpa tikiti za kusikiliza hotuba nne za Humphry Davy katika Royal Institution. Davy alikuwa mkemia mwenye sifa kubwa. Mwaka 1807 alikuwa ametenga potasiamu na sodiamu kwa nguvu ya umeme. Faraday alisikiliza kwa makini, akaandika aliyoyasikia, na aliporudi nyumbani akayaandika upya kwa hati safi pamoja na picha za vyombo vilivyotumiwa.

Hapo haja ya kuacha ufundi wake ikamzidi. Alimwandikia kwanza Joseph Banks, rais wa Royal Society, akiomba kazi yoyote ya sayansi, hata ikiwa duni. Alipokwenda kuuliza jibu aliambiwa kuwa hakuna jibu. Ni rahisi kumlaumu mkubwa kwa kiburi. Lakini shauku peke yake si sifa ya kumpambanua mwombaji, maana kila mwombaji anayo.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo uanagenzi wake ulikwisha, akaajiriwa na mjalidi mwingine. Mwezi wa Desemba alimwandikia Davy. Safari hii alieleza matakwa yake, akaomba akumbukwe ikitokea nafasi, na pamoja na barua akapeleka kitabu cha kurasa zipatazo 300: zile hotuba za Davy, zimeandikwa vizuri, zimechorwa, na kutiwa jalada kwa mkono wake mwenyewe.

Tofauti ya barua hizi mbili ndiyo kiini cha habari hii. Faraday hakuuficha ujalidi wake kama aibu, wala hakujidai kuwa mkemia. Aliufanya ufundi wa zamani umtolee ushahidi ule ambao kazi mpya iliuhitaji: sikio sikivu, mkono mtulivu, usahihi, na subira ya kumaliza jambo lililoanzwa. Tena alimwandikia mtu ambaye kazi yake aliijua, akamwonyesha kuwa ameielewa.

Davy alijibu tarehe 24 Desemba 1812 kwa maneno ya upole, akaahidi kuonana naye atakaporudi mjini mwezi wa Januari. Hata hivyo, barua njema hufungua mlango tu. Haiwezi kuumba nafasi isiyokuwapo. Walipoonana Davy alimshauri asiache ujalidi, kwa kuwa sayansi ni bibi mkali asiyelipa vizuri. Faraday aliposema kuwa biashara ni kazi ya choyo na kwamba wanasayansi ni watu wakarimu, Davy alitabasamu, akasema miaka michache itamfundisha.

Haukupita muda mrefu, msaidizi wa maabara akafukuzwa kwa sababu ya ugomvi. Davy alipotafuta mtu wa kushika mahali pake, hakuwa na haja ya kutafuta mbali. Tarehe 1 Machi 1813 Faraday aliajiriwa kwa shilingi 25 kwa juma, pamoja na vyumba viwili vya juu, makaa na mishumaa. Katika jumba hilo hilo, mwaka 1831, aligundua namna sumaku iwezavyo kuzaa umeme katika waya, na juu ya ugunduzi huo mitambo mingi ya umeme ya dunia imesimama.

Mwaka 1829, Davy alipokuwa amefariki, mwandishi wa maisha yake alimwomba Faraday habari za mwanzo wao. Faraday alimpelekea ile barua ya Davy yenyewe, akamsihi aitunze sana na kuirudisha. Alikuwa ameihifadhi miaka 17. Aliyekuwa mjalidi alijua thamani ya karatasi moja.