Mabanga: historia ya nyumba ya mbao juu ya lava

Kwa Kilingala, mabanga ni mawe. Mkaaji wa Mabanga, katika komini ya Karisimbi mjini Goma, hahitaji kufasiriwa neno hilo. Akitoka mlangoni anakanyaga lava iliyopoa, na akitaka kuchimba msingi, jembe linagonga mwamba. Mwanafunzi wa ujenzi anayetaka kuchora nyumba ya familia yenye bei ndogo aanzie hapo.

Tarehe 10 Januari 1977, ziwa la lava la Nyiragongo lilitoboka ubavuni, likamwagika kwa muda usiofika saa moja na kuunguza vijiji vya kaskazini ya mji. Tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita uwanja wa ndege, ikapasua katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu. Watu zaidi ya laki moja walibaki bila makao. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 ilifika Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye, matetemeko yakiendelea, wakuu waliamuru kartiye 10 zihame. Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini zilikuwa ndani. Watu walikimbilia Sake, Minova na Rwanda.

Kila mara, watu walirudi na kujenga. Na wengi walijenga kwa mbao.

Wageni huiona nyumba ya mbao kama banda la maskini. Lakini mafundi wa Goma walikuwa na sababu. Juu ya lava changa hakuna udongo wa kufyatulia matofali, na saruji ni ghali. Mawe yapo tele kwa mwenye nyundo na nguvu. Kwa hiyo fundi hupanga ukuta mfupi wa mawe ili kusawazisha kiwanja, anasimamisha miti, anapigilia mbao, kisha anaweka manjanja. Nyumba hiyo ni nyepesi: ardhi ikitikisika, inayumba kuliko kuporomoka. Familia inaanza na chumba kimoja na kuongeza kingine pesa ikipatikana. Na mwenye kukodi kiwanja, akiambiwa aondoke, anang'oa misumari, anapakia mbao kwenye chukudu, anakwenda kujenga kwingine.

Kasoro zake pia zinajulikana. Nyumba zikibanana, mbabula moja ikianguka inaweza kuunguza safu nzima. Shimo la choo halichimbiki, ndiyo maana vyoo vingi hujengwa juu, kwa ngazi. Basi mchoro unaofaa Mabanga unaweka jiko mbali na ukuta wa mbao, unaacha njia kati ya nyumba na nyumba, na unatega maji ya mvua kutoka kwenye manjanja, kwa sababu kila bidoni ya maji inanunuliwa au inabebwa.

Mwanafunzi asidhani kazi hiyo ni ndogo. Francis Kéré wa Burkina Faso alikuwa bado anasoma Berlin alipochora shule ya msingi ya kijiji chake, Gando. Ilimalizika mwaka 2001. Hakupeleka ukuta wa Ulaya; alitumia udongo wa pale pale na mikono ya wanakijiji. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote kwa wasanifu majengo. Gando ina udongo. Mabanga ina mawe na mbao.

Mwanzoni mwa mwaka 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23 na kambi za pembeni kuvunjwa, familia nyingi za wakimbizi wa vita zilifungua vibanda vyao na kubeba miti na hema mgongoni. Kwao, nyumba inayobebeka ilikuwa msaada. Lakini hakuna mzazi anayetaka kuibeba nyumba maisha yake yote. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya mbao na manjanja, mchoraji aulize kwanza: kiwanja hiki ni cha nani, na karatasi yake iko wapi?