Waya, Sindano na Kroshia: Historia ya Vipimo vya Kufumia katika Jiji la Migodi

Tarehe 1 Machi 1884 sheria ya Uingereza ilianza kutambua kipimo kimoja rasmi cha unene wa waya, kilichojulikana kama Geji Sanifu ya Waya, na miaka miwili baadaye dhahabu ya Witwatersrand ilitangazwa, likachipuka jiji la Johannesburg na, upande wake wa kusini, mtaa wa Marshalltown, uliopewa jina la Henry Brown Marshall. Matukio haya mawili huandikwa katika vitabu tofauti, la kwanza katika historia ya viwanda na la pili katika historia ya migodi, lakini yanakutana katika kifaa ambacho wanahistoria wamekipa nafasi finyu mno, nacho ni sindano ya kufumia pamoja na ndugu yake kroshia, yaani sindano moja yenye kulabu nchani. Namba iliyochapwa kichwani mwa sindano kuukuu ya Johannesburg ni namba ya waya, na asiyejua hivyo huona mpangilio wake kuwa wa kiholela, ilhali una mantiki iliyokamilika.

Mantiki hiyo imo katika namna waya ulivyotengenezwa. Fundi alichukua ufito wa chuma na kuuvuta kwa nguvu kupitia tundu la bamba gumu, kisha kupitia tundu dogo zaidi, na zaidi tena, mpaka upate unene uliotakiwa. Namba ya waya ilitokana na hesabu ya mivuto hiyo, hivyo waya namba 14 ulikuwa umepita matundu mengi kuliko waya namba 6 na ulikuwa mwembamba kuliko huo. Sindano za kufumia za chuma zilikatwa kutoka waya huo huo, hasa katika mji wa Redditch nchini Uingereza, uliokuwa kitovu cha utengenezaji wa sindano za kila aina, na zikabeba namba za waya kama zilivyo. Ndiyo sababu, katika vipimo vya kale vya Uingereza na makoloni yake, namba inapopanda sindano hupungua unene.

Kabla ya mwaka 1884 kila muuzaji alikuwa na geji yake. Frances Lambert, mwandishi wa vitabu vya kazi za mikono aliyeishi London, alichapisha mwaka 1843 kitabu cha kufuma ambamo aliwahimiza wasomaji wake kupima sindano kwa kibamba chenye matundu, akikiita kwa neno la Kifaransa, filière, ambalo ndilo jina la bamba la kuvutia waya. Baadaye Henry Walker, mtengenezaji sindano wa jiji hilo hilo, aliuza geji yenye umbo la kengele, iliyopendwa sana na kuigwa na wengine. Tatizo ni kwamba geji hizi hazikulingana. Mfumaji aliyefuata maelekezo ya mwandishi mmoja kwa sindano zilizopimwa kwa geji ya mwingine aliweza kumaliza soksi isiyoingia mguuni, na kosa halikuwa lake.

Geji Sanifu ilitoa jibu kwa kuipa kila namba kipimo cha inchi kisichobadilika, kuanzia nusu inchi kamili kwa waya mnene kuliko wote hadi sehemu moja ya elfu ya inchi kwa namba 50. Kwa hesabu ya leo, namba 14 ni takriban milimita 2, namba 10 ni milimita 3.25, namba 8 ni milimita 4 na ushei, na namba 1 ni milimita 7.6. Chini ya namba 1 huanza sufuri, na sindano nene zaidi huandikwa kwa sufuri mbili au tatu, sufuri tatu ikikaribia sentimita moja.

Ni vigumu kupata mahali ambapo mfumo huu wa waya ulihitajika kuliko Marshalltown. Hapa ndipo makampuni ya dhahabu yalipojenga makao yao, kando ya Main Street, Fox Street na Marshall Street. Hapa palikuwa na Soko la Hisa, katika Hollard Street, kabla ya kuhamia Diagonal Street mwishoni mwa miaka ya 1970. Na hapa zilikuwa ofisi za Chemba ya Migodi, ambayo tangu 2018 inaitwa Baraza la Madini la Afrika Kusini. Mgodi wenyewe uko chini ya miguu: mwaka 1986, wakati wa ujenzi wa makao ya Standard Bank katika Simmonds Street, lilifukuliwa pango la machimbo ya kale ya mgodi wa Ferreira, na leo limehifadhiwa chini ya jengo hilo. Kila mgodi wa kina kirefu uliishi kwa waya, kwani kamba za chuma zilizoshusha na kupandisha vizimba vya wachimbaji zilisukwa kwa nyaya nyingi ambazo unene wake ulipaswa kujulikana kwa hakika, maana maisha ya watu yalining'inia juu yake. Mhandisi aliyeagiza waya namba 10 na mke wake aliyenunua sindano namba 10 walitumia kipimo kimoja, ingawa huenda hawakuwahi kulizungumza jambo hilo mezani.

Ushahidi wa undugu huo haupo Johannesburg peke yake. Katika nyanda za juu za Kenya na katika sehemu za Uganda, wafumaji wasio na fedha za kununua sindano wametumia kwa miongo mingi spoki za baiskeli, wakizikata, kuzinyoosha na kuzinoa ncha. Spoki ya kawaida ya geji 14 ina unene wa milimita 2, sawasawa na sindano ya kale ya kufumia namba 14, kwa sababu zote mbili zilizaliwa na waya mmoja. Mfumaji wa spoki, kwa hiyo, hatumii kifaa cha kubahatisha. Anatumia sindano sahihi ya kipimo kinachofaa soksi na pindo za sweta, na kazi ya mikono yake inastahili kuandikwa katika historia ya ufumaji kwa heshima ile ile inayopewa sindano za pembe za ndovu zilizomo katika makumbusho ya Ulaya.

Utata mkubwa ulitokea vitabu vya Marekani vilipokutana na sindano za Kiingereza. Wamarekani waliamua kwamba namba ipande pamoja na unene, hivyo sindano ya milimita 4, ambayo Johannesburg iliitwa namba 8, kwao ni namba 6, na ile ya milimita 5, iliyoitwa namba 6, kwao ni namba 8. Wenye uzoefu waligundua kanuni ya kusaidia: kati ya milimita 3.75 na milimita 6, namba ya Kiingereza ikijumlishwa na ya Kimarekani hutoa 14, na namba 7 pekee, yenye milimita 4.5, ni ile ile pande zote mbili. Nje ya masafa hayo kanuni huvunjika, na anayeitegemea kwa sindano nyembamba za soksi atapotoka.

Kroshia ina mambo yake. Kroshia za sufu zilifuata namba za sindano, lakini zile nyembamba za chuma, zinazotumiwa kwa nyuzi za pamba, zilikuwa na mfululizo wao wa namba, na Wamarekani wakaongeza herufi: G ni milimita 4, H ni 5, J ni 6. Pamba nayo ina namba yake inayokwenda kinyume, uzi namba 20 ukiwa mwembamba kuliko namba 10, kwa kuwa asili ya namba hiyo ni urefu wa uzi unaopatikana katika ratili moja ya uzito. Kwa hiyo mnunuzi wa zamani aliweza kushika mkononi kroshia na kidonge cha uzi, kila kimoja na namba, na namba hizo zisiwe na uhusiano wowote. Jambo la msingi ni kwamba kroshia hupimwa kwenye shina, mahali kitanzi kinapokaa wakati wa kufuma, wala si kwenye kulabu, na kroshia mbili zenye vichwa tofauti zinaweza kuwa na kipimo kimoja. Hata majina ya mishono yanapishana: mshono ambao vitabu vya Uingereza na Afrika Kusini huuita wa mara mbili, vya Marekani huuita wa mara moja, na kitambaa kilichofumwa kwa kuchanganya vitabu hivyo hubadilika kimo chote.

Hali ya hewa ndiyo iliyoamua ni vipimo gani vitawale. Johannesburg iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi hukaribia kuganda, kwa hiyo sindano za milimita 4 kwenda juu na nyuzi nene ndizo zilizotafutwa, sawa na ilivyo Limuru, Njombe au Makete. Katika pwani ya Waswahili, kinyume chake, sweta haina kazi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na ufumaji uliostawi ni wa kroshia nyembamba za milimita moja na nusu hivi, kwa uzi wa pamba, kutengenezea vitambaa vya meza na vya viti. Kenya ilikuwa na pande zote mbili, na chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa 1952, kilifundisha kufuma na kushona pamoja na mapishi na malezi.

Vita Kuu ya Pili iliifanya kazi ya kufuma kuwa ya taifa. Huko Afrika Kusini, Isie Smuts, mke wa Waziri Mkuu Jan Smuts, aliongoza mfuko wa zawadi na vitulizo kwa askari, na wanawake walifuma soksi, kofia na sweta kwa wingi. Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila vipimo vya pamoja, kwa sababu soksi ya mtu asiyejulikana haina nafasi ya kujaribiwa mguuni.

Baadaye vipimo hivyo vya pamoja navyo vilibadilika. Sarafu ya Afrika Kusini iligeuzwa kuwa ya desimali mwaka 1961, na sheria ya vipimo ya 1973 ikakamilisha safari ya kuingia katika mfumo wa mita, wakati ambapo watengenezaji wa Uingereza nao walikuwa wakibadili sindano zao kwenda milimita. Faida yake ni dhahiri, maana milimita 4 ni milimita 4 popote. Lakini namba za waya hazikufa, kwa kuwa sindano ya chuma haichakai upesi na hurithiwa kutoka kwa bibi, na vitabu vya mifano vilivyochapwa kabla ya mageuzi vingali vinatumika. Majedwali ya kulinganisha vipimo hadi leo huiweka Afrika Kusini katika safu moja na Uingereza na Kanada. Ni hasara kubwa pale sindano hizo zinapotupwa kwa kudhaniwa kuwa hazina kipimo, ilhali kibamba cha matundu hutosha kuzirejesha kazini.

Hata hivyo, hakuna geji inayopima mkono. Lebo ya uzi wa unene wa kati, ule wenye herufi DK, kwa kawaida hupendekeza sindano ya milimita 4 na vitanzi 22 kwa safu 28 katika mraba wa sentimita 10. Vitanzi 220 vinatoa sweta ya mzunguko wa sentimita 100 kwa mfumaji anayepata kipimo hicho, lakini yule ambaye mkono wake ni legevu na anapata vitanzi 20 atatoa sentimita 110, na mwenye mkono wa kukaza anayepata 24 atatoa chini ya 92. Mwenye mkono legevu hushuka hadi sindano ya milimita 3.75, mwenye mkono wa kukaza hupanda hadi 4.5, na wote wawili huwa wamefuata kielelezo kwa uaminifu kuliko aliyeshikilia namba ya lebo. Kipande cha majaribio, kilichofuliwa na kukauka kabla ya kupimwa, ndicho kinachotoa uamuzi. Aina ya sindano nayo huchangia: uzi wa akriliki huteleza juu ya chuma, ukatulia zaidi juu ya mianzi.

Kwamba kipimo cha kitambaa ni muhimu kuliko namba ya sindano kulionekana kwa upana katika harakati ya mablanketi 67 ya kumuenzi Nelson Mandela, iliyoanzishwa na Carolyn Steyn baada ya Zelda la Grange, aliyekuwa msaidizi wa Mandela, kumpa changamoto mwishoni mwa 2013. Namba hiyo inahesabu miaka ya utumishi wa Mandela kwa umma, utumishi ambao sehemu yake ilitendeka hatua chache kutoka Marshalltown, katika Chancellor House, ambako yeye na Oliver Tambo walikuwa na ofisi ya uwakili. Mablanketi yaliyofumwa na maelfu ya mikono yaliunganishwa mwaka 2015 mbele ya Union Buildings mjini Pretoria na kuweka rekodi ya dunia. Kwa muungano wa aina hiyo, kinachopaswa kulingana ni upana wa kitambaa, na kila mfumaji yuko huru kuufikia kwa kroshia itakayomfaa.

Marshalltown ya leo si ya makampuni ya migodi peke yake. Majengo yake yamewapokea wahamiaji wa Malawi, Zimbabwe na Tanzania, na Kiswahili kinasikika humo. Moto wa tarehe 31 Agosti 2023 katika jengo la 80 Albert Street, ambalo zamani lilikuwa ofisi ya vibali vya Waafrika na baadaye hifadhi ya wanawake, uliua watu zaidi ya 70, baadhi yao wakiwa wa mataifa hayo. Historia ya mtaa huu haiwezi kuandikwa tena bila wao.

Ufumaji wa Afrika Kusini nao umehamia katika mashine, na jina lake kubwa ni Laduma Ngxokolo, mzaliwa wa Gqeberha, ambaye mradi wake wa masomo wa mwaka 2010 ulizaa chapa ya MaXhosa, yenye sweta za sufu na za manyoya ya mbuzi wa Angora zilizochorwa kwa nakshi za shanga za Waxhosa. Katika mashine, geji ni idadi ya sindano zilizopangwa katika inchi moja, na mashine ya geji 12 hutoa kitambaa chembamba kuliko ya geji 5. Kwa sababu tofauti kabisa na ile ya wavuta waya, namba kubwa imebaki kuwa ya kazi nyembamba.