Maono, Ruwaza au Dira?

Mwalimu wa Chekalini, huku Lugari katika Kaunti ya Kakamega, anayetaka kuandika kwa Kiswahili ubao wa langoni mwa shule yake, ana maneno matatu ya kuchagua kama tafsiri ya “vision” kabla hajachovya brashi kwenye rangi. Maono yamezoeleka makanisani: ni yale anayofunuliwa nabii, wala hakuyapanga yeye. Ruwaza ilipata nguvu baada ya serikali ya Kenya kuzindua mpango wake wa 2030 mnamo 2008, lakini wanaisimu huitumia kwa maana ya mpangilio unaojirudia, kwa hiyo mwanafunzi akifungua kamusi huenda akatoka na jambo jingine kabisa. Tanzania ilichagua dira: kwanza ya 2025, sasa ya 2050. Naiunga mkono kwa dhati, kwa sababu dira humpa nahodha uelekeo tu. Kazi ya kushika usukani inabaki yake.

Wapo watakaouliza dira, chombo cha mabaharia, ina uhusiano gani na wakulima wa mahindi. Lakini hata bara, mvua ikichelewa, watu husema mambo yamekwenda mrama, na mrama ni kuyumba kwa chombo baharini. Pingamizi zito zaidi ni kwamba dira huonyesha upande, haitaji bandari. Ni kweli, na ndiyo maana chini yake paandikwe lengo linaloweza kupimwa: kwa mfano, kila mtoto wa darasa la tatu asome hadithi bila kusaidiwa.